Ngazi ya Vidole

Mwezi wa saba uliopita nilialikwa Buigiri, kwenye sherehe ya kumuaga binti wa Yunisi anayeolewa. Nikaapa siendi, kisha nikaenda. Nilishonesha gauni jipya kwa sababu sikutaka Yunisi anishinde kwa mavazi. Nina miaka hamsini na sita, nina presha, nina wajukuu wawili wanaoniita bibi, na bado nilisimama mbele ya kioo nikijilinganisha na mwanamke ambaye sikuwa nimemtia machoni kwa miaka kumi na moja. Nilipofika ukumbini alinikumbatia mlangoni, akaushika mkono wangu wa kulia, akawageukia wageni wake na kusema, "Huu mkono mnaouona nimeulea mimi, kabla sijalea mtoto yeyote." Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Ukumbi ulikuwa umejaa ndugu, majirani, wanakwaya na wenzake wa kikundi cha akina mama, wote wamekuja kwa ajili yake, na mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikipiga hesabu moyoni ni wangapi wangekuja kwangu. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, ndivyo kanga zinavyosema. Mimi nimeushiriki miaka thelathini na ushee na sijakonda hata kidogo.

Nilipoanza kuandika kumbukumbu hizi nilijiambia sitajipaka poda. Habari za wazazi na ukoo wetu wa Kondoa nitaziacha kando hapa. Sura hii ni ya mwaka mmoja tu, mwaka wa bega, nilipokuwa na miaka ishirini na tatu. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Mitumba ilikuwa imejaa soko la Majengo, kila mwenye mbao nne amefungua kioski, na mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa moja baada ya jingine. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika shirika moja pale Dodoma mjini, ingawa ukweli ni kwamba sikuajiriwa kwa sababu ya taipu. Niliajiriwa kwa sababu ya netiboli. Siku hizo kila shirika lilitaka timu, na timu ilitaka mfungaji, na mimi nikisimama chini ya goli mpira ulikuwa unajua njia yake. Taipu nilijifunzia kazini kwa vidole viwili. Yunisi naye aliajiriwa kwa ajili ya mpira, lakini alikuwa mfungaji wa akiba, na katika karatasi za ofisi aliandikwa tarishi. Alikuwa mrefu kuliko mimi, ametoka kijiji kimoja ng'ambo ya Buigiri na elimu yake ya darasa la saba, na Kiswahili chake wakati ule kilikuwa bado kinanuka Kigogo. Tulipanga chumba kimoja Chang'ombe: vitanda viwili, jiko la mafuta ya taa, pazia lililotengeneza sebule ambayo haikuwepo. Ukuta wa chumba cha pili haukufika juu kwenye bati, kwa hiyo kila kilichosemwa upande ule tulikisikia, na wao walitusikia sisi.

Bega langu la kulia lilikuwa na tabia ya kuchomoka tangu nikiwa shule. Mara ya nne lilichomokea uwanjani, mwezi wa kwanza, mbele ya watu, na daktari wa upasuaji alisema tusipolishona litaendelea kunichezea hivyo hadi uzeeni. Mwezi wa pili wakalishona. Nilizinduka mkono umefungwa kifuani kwa bandeji pana, nikaambiwa nitakaa hivyo wiki sita, kisha mazoezi, na uwanjani labda baada ya miezi tisa. Nilimwuliza muuguzi kama haiwezekani miezi mitano. Akanitazama kama ninayemuomba punguzo la bei ya nyanya, akasema, "Dada, haraka haraka haina baraka." Mwaka ule niliambiwa methali hiyo na watu wote waliokuwa na mikono miwili mizima.

Mambo ambayo mtu hayafikirii akiwa mzima ndiyo yaliyonimaliza. Kwetu tumelelewa kwamba mkono wa kushoto haugusi chakula. Sikuweza kula sinia moja na wenzangu, na kijiko nacho nilikishika kama mtoto. Siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani Yunisi aliona nimemwaga mchuzi kwenye kanga. Alisonga ugali wa uwele, akakaa mbele yangu kwenye kigoda, akamega tonge, akalichovya kwenye mlenda, akalileta mdomoni kwangu. Mlenda ukavutika kidevuni kwangu, akaufuta kwa kidole. Nilikula nimefumba macho. Watu wengine wangeona huruma hapo, na mimi niliiona, sikatai, lakini nilichokitazama zaidi nilipofumbua macho ni mkono wake. Mrefu, mweusi tii, unakwenda na kurudi bila kuombwa. Alininyoa kwapa, alinifulia, alinisuka, alinifunga vifungo. Asubuhi alirudi bombani na ndoo kichwani, mkono mmoja umeinuka kuishika, ule mwingine unaning'inia tu hauna kazi, nami nikilala pale nikiutazama ule usio na kazi nilitamani kuung'oa.

Jezi yangu alipewa yeye wiki ile ile. Hakuniambia; niliiona kwenye kamba, imefuliwa, inachuruzika maji. Nilipomuuliza alisema, "Kocha kanipa nivae hadi utakapopona, Zaitu." Jina langu ni Zaituni, lakini yeye alilikata hivyo, na hadi leo hakuna mwingine anayelikata. Nikamwambia avae tu, jezi ni ya shirika. Jioni wachezaji wenzetu walipokuja kuniona, mmoja akautazama mkono wangu uliokunjwa kifuani akasema, "Huyu sasa ana mkono wa birika kwelikweli." Mkono wa birika ni mtu bahili, asiyetoa. Wakacheka hadi wakashika mbavu, na Yunisi alicheka kuliko wote. Mimi nikatabasamu. Walichekea bandeji, mimi nikajiona nimesemwa tabia.

Wiki sita zilipokwisha nilipelekwa chumba cha mazoezi cha hospitali, na Yunisi akanisindikiza kwa sababu nilikuwa siwezi kuvua blauzi peke yangu. Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha madogo na harufu ya mafuta ya kuchulia. Mlangoni kulikuwa na kamba iliyopita kwenye kapi, ili mkono mzima uuvute ulio mgonjwa. Kulikuwa na mipini ya mafagio iliyokatwa, na vipande vya tyubu ya gari vya kuvutia. Na ukutani kulikuwa na ubao mrefu uliosimamishwa, umechongwa vipandio thelathini, kila kimoja kinatosha ncha ya kidole tu. Unasimama mbele yake, unaweka vidole kipandio cha chini, kisha unapanda kimoja kimoja kama buibui hadi bega likatae. Tuliuita ngazi ya vidole. Mwenye chumba alikuwa Bwana Ndahani, Mgogo wa miaka arobaini hivi, asiyeona tangu utotoni, aliyesoma shule ya wasioona ya Buigiri kabla ya kufunzwa kazi ile. Hakutaka kuitwa daktari. Wagonjwa aliwaita kwa kiungo na mahali walikotoka: kulikuwa na Goti la Mpwapwa, Nyonga ya Hombolo, na mimi nikawa Bega la Kondoa. Alikuwa na redio ndogo mfukoni, na timu yake ikifungwa Jumapili, Jumatatu vidole vyake vilikuwa vikali.

Siku ya kwanza aliniinamisha, mkono ukaning'inia, akaniambia niuzungushe taratibu kama ninayekoroga uji wa mtoto, nisiinue chochote. Baada ya hapo akaushika yeye, mkono mmoja chini ya kwapa, mwingine kwenye kiwiko, akaupandisha. Nililia machozi. Kipandio nilichofika siku hiyo kilikuwa cha nne. Alikigusa kwa kidole chake, akahesabu kutoka chini, akasema, "Nne. Si haba." Kisha akamwita Yunisi aje ajifunze namna ya kuninyoosha nyumbani. Alimwekea mikono juu ya mikono, wakaupandisha mkono wangu pamoja, na katikati ya maumivu nikamsikia anasema, "Binti, wewe una mikono ya kazi hii. Unasikiliza." Wakasalimiana Kigogo, mbukwa, mbukwa, wakaanza kuulizana watu wa kwao, wakacheka jambo ambalo sikulielewa. Mimi niliyekuwa nimefunguliwa blauzi na kulia mbele yao nilikuwa nimeambiwa si haba. Njiani sikumsemesha Yunisi. Alidhani ni maumivu, akaninunulia karanga.

Basi tukawa tunaishi hivyo. Kila asubuhi kabla ya kazi, na kila jioni akitoka mazoezini na vumbi jekundu miguuni, Yunisi alichovya taulo kwenye maji ya moto, akalikamua, akaliweka begani kwangu, halafu akaupandisha mkono. Alihesabu hadi ishirini, akaushusha, akarudia. Huku akinyoosha alinisimulia mechi, kwa sababu nilimuuliza, na nilimuuliza kwa sababu nilitaka kusikia amekosa. Hakukosa sana. Aliniambia, "Jana nimefunga kumi na mbili, lakini mguu wa kulia unanitangulia. Wewe uliwekaje?" Nikamfundisha, nimelala chali, mkono wangu uko mikononi mwake, na nikiona uso wake umeelewa moyo unaniuma mahali ambapo taulo halifiki. Usiku alilala kifudifudi, mikono ameitupa juu ya mto, akakoroma. Mimi nililala chali tu, miezi mitatu. Sikujua mtu anaweza kumwonea mwenzake wivu kwa jinsi anavyolala.

Mwezi wa tano, siku moja alasiri, nilikuwa kitandani wakidhani nimelala. Mchezaji mwenzetu aliyepanga chumba cha pili alikuwa anachambua mchele na Yunisi, na sauti zao zikapita juu ya ukuta. "Unavyomhangaikia huyo," mwenzetu akasema, "akipona si atakurudisha benchi? Mnyooshe kidogo kidogo, mama. Mkono mtupu haulambwi." Nikashika pumzi. Nikamsikia Yunisi anapepeta mchele. Kisha akasema, "Mimi namtaka apone. Nikimshinda mgonjwa, nitakuwa nimeshinda nini? Apone, tusimame wote chini ya goli, watu waone." Yule mwingine akaguna. "Na utamshinda?" Yunisi akajibu bila majivuno, kama mtu anayetaja siku ya soko, "Nitamshinda." Nimesikia maneno mengi mabaya maishani mwangu, ya waume na ya mawifi, na hakuna lililoniingia kama lile. Angekuwa ananisengenya ningemchukia nikapumzika.

Kuanzia siku ile nikaanza kuiba. Neno hilo si langu, ni la Bwana Ndahani. Yeye alikuwa ameagiza kupanda ngazi mara kumi kwa siku, na mpini wa fagio mara kumi, basi. Mimi, Yunisi akitoka, nilipanda ukuta wa chumba mara hamsini. Nilifunga tyubu kwenye nondo ya dirisha, nikavuta wakati Bwana Ndahani hajaruhusu tyubu. Nilibeba ndoo nusu. Nilikuwa nimefika kipandio cha kumi na tisa na nilitaka thelathini kabla Yunisi hajazoea jezi. Siku ya tano bega likavimba, likawa la moto. Nilipokwenda hospitali nikajikausha, nikamwambia Bwana Ndahani shikamoo kama kawaida. "Marahaba," akasema, akaniwekea vidole nyuma ya bega, akavitembeza kidogo, akasimama. Akazima redio. "Umeiba," akasema.

"Sijaiba kitu, mzee."

"Umeiba vipandio. Nyama haijashika, wewe unavuta. Umeivuta wapi, nyumbani?" Nikatazama ngazi ukutani. "Bega halina haraka, Bega la Kondoa. Haraka unayo wewe, na sijui unamkimbiza nani." Yunisi alikuwa amekaa pale kwenye benchi, ameshika ushungi wangu. Niliona aibu, na aibu yangu ikageuka hasira juu yake yeye, kwamba amekaa pale na mabega yake mawili akisikiliza. Nilisimamishwa wiki tatu bila ngazi. Niliporudi ubaoni, vidole vikakwama kumi na moja.

Na wakati huo huo ofisini habari zikaiva. Shirika lilikuwa limepata mwekezaji. Atabakiza wafanyakazi wachache na wengine watapewa mkono wa kwaheri, na ofisa utumishi, ambaye siri ilikuwa haikai kinywani mwake, alituambia mwekezaji anaipenda timu kwa ajili ya jina, lakini walioajiriwa kwa mpira watapunguzwa nusu. Mfungaji atabaki mmoja. Kila mtu ataitwa kwenye usaili kwa barua. Nilihesabu vipandio vyangu: kumi na nne. Usaili ulikuwa mwanzoni mwa mwezi wa nane. Yunisi siku hizo alikuwa anafunga hadi watoto wa mtaani wanamwita kwa jina.

Barua zilikuja Jumanne, zimeandikwa Kiingereza, kitu ambacho shirika letu halikuwa limezoea. Hapa lazima nieleze jambo moja kwa wanaosoma leo. Matangazo yote ya shirika yaliandikwa kwa saa zetu za Kiswahili. Ubaoni ukiona 8.00, ni saa nane, mchana, watu wametoka kula. Mwekezaji alikuwa mgeni, na karani wake aliandika kwa saa za Kizungu, ambapo nane ni saa mbili yetu ya asubuhi. Mimi nilikuwa nimefika kidato cha nne, na nilikuwa nachapa barua za namna hiyo. Niliona 8.00 na zile herufi mbili za asubuhi nyuma yake, nikaelewa mara moja. Yunisi alirudi na barua yake, akachemsha maji, akaniwekea taulo, na mkono wangu ukiwa umelala kwenye goti lake akaikunjua barua kwa mkono mwingine. Jina lake alilitambua, na tarehe. Akaweka kidole kwenye ile namba.

"Zaitu, hii ndiyo saa nane, sio?"

Nilitazama kidole chake. Nakumbuka kulikuwa na unga wa uwele pembeni ya ukucha. Nikasema, "Si unaiona mwenyewe?"

"Naiona," akasema, akaikunja barua, akaanza kuhesabu moja, mbili, tatu, akinipandisha mkono.

Usiniulize kama nilikuwa nimepanga. Sikupanga. Neno lilitoka lenyewe, na kwa siku mbili zilizofuata nilikuwa na nafasi ya kulirudisha kila tulipokula, kila aliponisuka, na sikulirudisha. Nilijiambia sijadanganya, imeandikwa nane, ameiona nane. Siku ya usaili nilimwambia naanzia hospitali kwa Bwana Ndahani, kisha nitapitiliza ofisini, tukutane huko huko. Aliamka kabla yangu. Alinipasia gauni langu la ofisi, lile la buluu la mtumba lenye vifungo mgongoni, ambalo kwa bega lile nisingeweza kulivaa peke yangu hata kwa kutwa nzima. Alinifunga kimoja kimoja, akanitengeneza ushungi, akanigeuza anitazame. "Umependeza," akasema. "Tangulia." Nikatangulia.

Saa mbili kamili nilikuwa kwenye benchi la nje ya chumba cha mikutano. Niliingia wa tatu. Walikuwa watu watatu nyuma ya meza, na yule wa katikati aliniuliza habari za bega. Nilisema mwezi wa tisa nitakuwa uwanjani. Mwezi wa tisa Bwana Ndahani alikuwa ameniahidi kunipandisha mpini wa fagio hadi kichwani, basi. Yule wa katikati akatazama karatasi yake, akataja jina la Yunisi, akauliza, "Mwenzako huyu yuko wapi?" Nikasema, "Sijui." Akasubiri kidogo, akachukua kalamu, akapiga mstari. Niliuona ule mstari umenyooka. Nikashukuru, nikatoka, na nje kulikuwa na jua la Dodoma la mwezi wa nane, kali na baridi pamoja, na nitasema kweli kwa kuwa nimeahidi: nilikuwa na furaha.

Yunisi alifika getini saa saba na nusu, amevaa viatu vya kuazima. Mlinzi alimwambia wamemaliza kabla ya saa sita. Aliporudi nyumbani nilikuwa nimejilaza, nimegeukia ukuta. Alikaa kwenye kitanda chake akavua viatu polepole. "Kumbe nane ya Kizungu sio nane yetu," akasema. Nikageuka nikamwambia mimi nilitoka kwa Ndahani nikapita ofisini tu, nikakuta watu wameanza, wakaniingiza, na sikuwa na mtu wa kumtuma aje amwite. Ulikuwa umeiva, uongo huo, niliukuta mdomoni tayari. Yunisi akaniamini. "Mungu alikupitisha," akasema. Halafu akalia, si kwa sauti, machozi tu yanashuka, na akiwa analia akainuka akawasha jiko. Nikamuuliza anafanya nini. "Maji ya taulo," akasema. "Leo hujanyooshwa."

Alikaa na mimi wiki saba zaidi, hadi kodi ya chumba ilipokwisha. Watu walipomuuliza imekuwaje, alisema ni ujinga wake, ameona nane akasoma nane. Hakusema hata mara moja kwamba aliniuliza. Nami nilimwonea wivu kwa hilo pia, kwa jinsi alivyoweza kujicheka na kulala usingizi. Aliondoka na begi moja kurudi kwao, nikiwa kipandio cha ishirini na sita. Vingine vinne nilivipanda peke yangu, mwezi wa kumi na mbili. Bwana Ndahani aligusa kidole changu pale juu kabisa, akauliza, "Yuko wapi yule mwenye mikono?" Nikasema amerudi nyumbani. "Mwambie thelathini," akasema. Sikumwambia. Mwaka uliofuata nilivaa jezi, nikafunga magoli, na baada ya miaka miwili na nusu mwekezaji akachoka na Dodoma, akafunga ofisi, na sote tukaondoka kwa mlango mmoja.

Siku ya pili baada ya sherehe ya binti yake, wageni walikuwa wametawanyika, nikamkuta Yunisi jikoni anachambua maharage ya mchana. Amenenepa, nywele zimeingia mvi mbele, ana nyumba ya bati jipya na shamba la zabibu nyuma yake. Nilikaa kwenye kigoda nikaanza kuchambua naye. Sikuwa nimepanga kusema, kama vile siku ile sikupanga kunyamaza. Nikasema, "Yunisi, ile barua niliielewa. Ilikuwa saa mbili. Nilijua. Na asubuhi ile sikwenda kwa Ndahani."

Mikono yake iliendelea na maharage kidogo, kisha ikasimama. "Saa moja nilikuwa nakufunga vifungo," akasema. "Cha juu kilinisumbua."

"Ndiyo."

"Nilikigeuza mara tatu."

Nikaanza kumweleza kwamba kazi yenyewe haikudumu, kwamba ofisi ilifungwa, kwamba hakukosa kitu. Alinyanyua kiganja nikanyamaza. Hakuwa analia. Alikuwa amenikazia macho, sawasawa na alivyokuwa akimtazama mlinzi wa timu pinzani kabla ya mpira kuanza. "Sikuulizi kazi," akasema. "Nakuuliza wewe. Tungeingia wote saa mbili, na mkono wako ungekuwa mzima, ulijua nani angepita?"

Miaka thelathini na ushee nilikuwa sijalisema jibu hilo hata nikiwa peke yangu bafuni. "Wewe," nikasema.

Yunisi akaitikia kwa kichwa polepole, akarudisha macho kwenye ungo. Hakunisamehe, wala sikumwomba. Lakini uso wake ulikuwa umefunguka kama wa msichana aliyesikia jina lake likitajwa uwanjani, na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nimekaa pale na bega ambalo ni kazi ya mikono yake, nikaionea wivu hata furaha ile.